Kabla hujacheka Kiingereza cha Mnigeria, kitafsiri kwanza kwa Kiswahili

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimekaa Lagos miaka mitatu na nusu kwa kazi ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Apapa. Sasa nimerudi Dar, lakini karibu kila siku bado naongea na watu wa kule. Uzi huu nilikuwa nao moyoni muda mrefu, na wiki iliyopita ndipo nilipoona siwezi kuendelea kunyamaza.

Ofisini ilisomwa barua pepe ya mwenzetu wa Lagos. Aliandika kwamba wakala amempigia simu "severally" (mara kadhaa), kwamba bosi wa huyo wakala "is not on seat" (hayupo ofisini), na kwamba atamtafuta tena "next tomorrow". Chumba kizima kikaangua kicheko. Mmoja akasema nchi ina watu zaidi ya milioni mia mbili, lugha ya serikali ni Kiingereza, na bado hawakijui. Iliniuma. Huyo aliyeandika namfahamu, ni mtu anayefuatilia makontena arobaini kwa wakati mmoja na hapotezi hata karatasi moja. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba waliocheka wote ni Waswahili, yaani watu ambao walitakiwa kumwelewa kuliko Mwingereza yeyote.

Nieleze.

Siku yangu ya pili Lagos nilipelekwa kula mchana kwa "mama put". Ni mama mwenye masufuria yake kando ya barabara, benchi mbili, wali wa jollof, maharage, samaki, na foleni ya madereva na makarani. Jina limetokana na wateja: unanyoosha sahani, unamwambia mama atie, aongeze. Wazungu niliowakuta pale kazini walikuwa wanaelezwa neno hilo kwa dakika kumi. Mimi sikuhitaji hata moja. Mama ntilie! Watu wawili, pande mbili za Afrika, hawajawahi kukaa kikao, wamempa mama yule yule jina lile lile.

Kuanzia siku hiyo nikawa na tabia: kila nikisikia Kiingereza kinachonishangaza, nakigeuza kichwani kiwe Kiswahili kabla sijakihukumu. Mara nyingi kinakaa sawasawa.

Mfano wa kwanza. "I'm hearing a smell." Mwalimu wa Kiingereza atakwambia harufu haisikiki kwa masikio. Lakini wewe ukipita karibu na jalala unasemaje? Unasikia harufu. Kiigbo na Kiyoruba navyo vinatumia kitenzi cha kusikia kwenye harufu. Na haviishii hapo. Mnigeria anaweza kukuuliza "Do you hear Igbo?" akiwa na maana, unaelewa Kiigbo? Sasa nendeni Bukoba mkasikilize watu wakimsema kijana aliyekulia mjini: anasikia Kihaya ila hawezi kukizungumza. Hilo ndilo neno lenyewe.

"Next tomorrow" je? Sisi tuna kesho kutwa, na mbele yake tuna mtondo na mtondogoo, ingawa vijana wa leo wameviacha. Wahausa wana "jibi". Wayoruba wana "ọ̀túnla". Waigbo wana msemo mzuri kupita yote, "nwanne echi", yaani ndugu wa kesho. Kiingereza cha leo hakina neno moja la siku hiyo, lazima ulizunguke kwa maneno manne. Mtu ambaye lugha yake ina neno moja akiikuta lugha isiyo nalo, atatengeneza. Huyo hajakosa Kiingereza. Amekuta tundu kwenye ukuta akaliziba.

Lakini neno lililonishika zaidi ni "sorry".

Kule ukijikwaa barabarani, mtu usiyemjua atakwambia "Sorry o!" Ukipiga chafya, "Sorry". Ukitoka hospitali, ukishuka ndani ya daladala lao la manjano linaloitwa danfo umebeba mzigo mzito, "Sorry". Nilikuwa na bosi kutoka Ulaya ambaye jambo hili lilimkera kabisa. Alikuwa anawajibu: kwa nini unaniomba radhi, wewe ndiye uliyeniangusha? Ndipo nikagundua kwamba yeye kwenye neno hilo anasikia kuomba msamaha tu, na wao wanasema pole. Kiyoruba wanasema "pẹ̀lẹ́", na kwa sikio la Mswahili linakaribia mno pole yetu. Sidai kwamba ni neno moja, lugha hizi hazina undugu wa karibu. Ila haja ni moja. Sisi ni watu ambao hatuwezi kumpita mtu aliyeumia tukanyamaza, na Kiingereza hakina neno la kazi hiyo, kwa hiyo "sorry" ikapewa kazi ya pili.

Ndivyo ilivyo na "Well done". Unamkuta mtu anafagia, anaandika, anashusha magunia, unamwambia "Well done". Mwingereza anasubiri kazi iishe ndipo asifiwe, tena na mkubwa wake. Mnigeria anasalimia. Kiyoruba kina salamu kwa kila hali aliyo nayo mtu: aliye kazini, aliyeketi, aliyetoka safari, na ya aliye kazini ni "ẹ kú iṣẹ́". Pole na kazi. Nilipolielewa hili nikaanza kuwajibu walinzi wa getini asubuhi kwa roho nyeupe, na urafiki wetu ulianzia hapo.

Mengine nayapitia haraka. "My boss has travelled": bosi amesafiri, basi, hakuna haja ya kusema kaenda wapi. "I'm coming" wakati mtu anatoka mlangoni: nakuja, nasi tunasema hivyo hivyo huku tumegeuza mgongo. "I'm not chanced": sina nafasi. "Same father, same mother": baba mmoja, mama mmoja. "They ate the money": wamekula hela. "My leg is paining me": mguu unaniuma. "Small small": kidogo kidogo. "Let me escort you": ngoja nikusindikize.

Nawasilisha kwa leo. Nitarudi kuna mengine.


#2 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri, ila nakupinga. Kosa ni kosa. Mimi nasahihisha mitihani ya Kiingereza sekondari. Mtoto akiandika "discuss about" namkata alama, sasa kwa nini Mnigeria aandike "severally" tumpigie makofi? Lugha ina wenyewe.


#3 Mchangiaji

Kwa hiyo na sisi tukisema kipilefti ni sahihi? 😀


#4 Mleta uzi

#3, umenisaidia sana. Kipilefti ni ushahidi wangu. Serikali iliweka kibao cha Kiingereza kikimwamuru dereva apite kushoto, watu wakakisoma, wakaupa ule mzunguko wenyewe jina la amri. Mwingereza akiambiwa kata kulia kwenye "keep left" hataelewa. Lakini ndani ya Tanzania neno linafanya kazi, trafiki analitumia, mzee wa miaka sabini analitumia, hakuna anayepotea njia. Huwezi kuliita kosa la Kiingereza kwa sababu halipo tena kwenye Kiingereza, limehamia kwetu.

Na geuzeni upande wa pili. Neno letu safari. Kwetu ukienda Morogoro kumwona shangazi ni safari. Waingereza walilichukua wakalibana hadi likabaki kutalii mbugani na kuangalia simba. Maana waliibadilisha kabisa, na sijawahi kuona kitabu chenye orodha ya maneno ya Kiswahili yanayokosewa na Waingereza. Wakifanya wao inaitwa kukopa, akifanya Mnigeria inaitwa kukosea. Hapo ndipo nisipokubali.

#2 mwalimu wangu, hoja yako ni nzito na nakubaliana nayo kwa nusu. Nusu hiyo ndiyo nilitaka kuileta leo.

Kuna maneno ambayo hayana hatari. "Mama put" na "next tomorrow" mgeni asipoyaelewa atauliza, akijibiwa yamekwisha. Hatari iko kwenye neno ambalo mgeni anadhani amelielewa, kumbe ameelewa kingine. Hayo ndiyo ya kufundishwa kwa nguvu zote, Nigeria na hapa kwetu.

Mfano wa kwanza ni hilo hilo "severally". Mnigeria anamaanisha mara nyingi, mara kadhaa. Kwenye Kiingereza cha sheria lina maana ya kila mmoja peke yake. Mkisaini mkopo watu watatu na mkataba ukasema mnawajibika "jointly and severally", maana yake benki inaweza kukufuata wewe peke yako kwa deni lote, hata kama wenzako wawili wamekimbia. Mtu aliyezoea maana ya mara kadhaa atasoma sentensi ile na kuipita. Nimemwona mfanyabiashara akiweka saini kwenye dhamana ya mzigo kwa kuelewa hivyo. Alipoelezwa baadaye alikaa kimya muda mrefu.

La pili ni "bogus". Kule wanalitumia kwa kitu kikubwa kupita kiasi, hasa nguo iliyompwaya mtu, na wengine hata kwa bei au bili. Kiingereza cha kwao wenyewe, neno hilo lina maana moja tu: ya uongo, ya kughushi. Mwenzetu alimwandikia mteja wa Ulaya kwamba gharama za bandari mwezi ule ni "bogus". Alimaanisha zimepanda mno, anamwonea huruma. Mteja akasoma kwamba ankara ni za kughushi. Akasimamisha malipo, akaita mwanasheria. Ilichukua wiki mbili kuweka mambo sawa, na kontena wakati huo linakula tozo bandarini kila siku. Kwa neno moja.

La tatu ni "hold-up". Lagos ni foleni ya magari. "I was in a hold-up for three hours." Nje ya pale neno linaweza kuwa uporaji wa silaha, na ukimwandikia hivyo mtu wa bima utamshtua.

"Flash me" ni nibipu, lakini kwa Mwingereza lina maana ya aibu ambayo siiandiki hapa. Na "escort", niliyoitaja juu kuwa ni kusindikiza, dada akilitumia ugenini kujieleza kwamba huwa anawa-escort wageni wa kampuni, anaweza kueleweka vibaya sana. Hilo lisemwe wazi kwa mabinti wanaokwenda kufanya kazi nje.


#5 Mchangiaji

Naandika kutoka Nairobi. Hapa kwetu boda boda ilitokana na kuvuka mpaka pale Busia, "border" hadi "border", na leo boda iko hata mahali ambapo mpaka uko mbali kabisa. Swali langu: haya maneno ya Wanigeria yametambuliwa na kamusi yoyote kubwa ama ni ya mtaani tu?


#6 Mleta uzi

Karibu ndugu yetu wa Nairobi. Yametambuliwa. Januari 2020 kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno na maana 29 za Kiingereza cha Nigeria kwa mkupuo mmoja. "Mama put" imo. "Next tomorrow" imo. "To eat money" imo, na "severally" kwa maana ya mara kadhaa nayo imo. Imo "okada", ambayo ndiyo boda boda yao. Jina lilitoka kwa shirika la ndege la kwao, Okada Air, watu wakaipa pikipiki kwa kuwa nayo inapaa katikati ya foleni. Imo "tokunbo", gari au friji lililotumika likaletwa kutoka ng'ambo, yaani mtumba. Kiyoruba Tokunbo ni jina la mtoto aliyezaliwa ughaibuni akarudishwa nyumbani. Ukilifikiria, kuita gari la mtumba kwa jina la mtoto aliyerudi nyumbani, kuna upole ndani yake ambao mtumba yetu haina. Kundi jingine la maneno liliongezwa baadaye, likiwemo "japa", kuondoka nchini kutafuta maisha.

Lakini kamusi kuandika neno si sawa na mtihani kulikubali. Kule baraza la mitihani la Afrika Magharibi, WAEC, lipo tangu 1952, na bila kufaulu vizuri Kiingereza mlango wa chuo kikuu haufunguki. Mtoto anakulia nyumba ambayo baba, mchungaji, mwanasiasa redioni, wote wanasema "severally", halafu akiandika yeye anakatwa. Wasomi wao wamelizungumza jambo hili miaka mingi. Profesa Ayo Bamgbose wa Chuo Kikuu cha Ibadan ni mmoja wa waliochambua namna watu hawa walivyokwama kati ya vipimo viwili, cha Uingereza wanachofundishwa na cha nyumbani wanachoishi.


#7 Mchangiaji

Mimi #2. Sawa, nimekuelewa kuhusu hatari. Lakini hujanijibu: je, lipo neno lao lolote ambalo wewe mwenyewe ungelikata?


#8 Mleta uzi

Mwalimu, yapo, na nakutajia.

"Opportuned". "I was opportuned to meet the Governor." Wanalipenda kwenye hotuba na barua rasmi. Hapa hakuna tundu lililozibwa. Kiingereza kina njia mbili tatu nyepesi za kusema nilipata nafasi, na neno hili halikuja na wazo lolote la Kiyoruba, Kiigbo au Kihausa. Limekuja kwa sababu linasikika kubwa. Vivyo hivyo "installmentally", kulipa kwa awamu. Kuna mapenzi ya maneno mazito kule, wanaita kumwaga "grammar", na mtu anayeweza kuyamwaga huheshimiwa. Nayaelewa mapenzi hayo, hata kwetu yapo kwa mtu anayemaliza sentensi nzima ya Kiswahili kwa Kiingereza cha ofisini. Ila kama ningekuwa nasahihisha, ningekata.

Kipimo changu ni hiki: nikilitafsiri neno kwa Kiswahili nikakuta kuna fikra kamili ndani yake, naliacha. Nikikuta hakuna kitu, ni kishindo tu, nalikata.

Na maneno mengine tunayoyacheka ni Kiingereza cha zamani kilichohifadhiwa. Dereva wa Lagos husema "trafficate", yaani washa indiketa. Magari ya zamani ya Uingereza yalikuwa na kijimkono kinachochomoza ubavuni kuonyesha yanakokata, kikiitwa "trafficator". Waingereza wameacha kifaa na jina. Mnigeria amebaki na jina, akalitengenezea kitenzi. Nasi balbu bado tunaiita globu. Wao na sisi tulirithi kabati moja la vyombo, wakubwa wakahama wakaacha vitu ndani.


#9 Mchangiaji

Mkuu mimi naenda Lagos mwezi ujao kikazi, mara ya kwanza. Nipe ya haraka haraka ili nisipotee.


#10 Mleta uzi

Hongera, utaipenda. Ukitaka kushuka kwenye gari mwambie kondakta "I will drop here", ukisema Kiingereza cha shule utapitilizwa kituo. "Light" ni umeme, na ukikatika ni "they have taken light". Ukirudi utasikia mtaa mzima unapiga kelele "Up NEPA!", ingawa shirika la umeme lenye jina hilo liliondoka mwaka 2005. "On seat" ni bosi yupo ofisini. "Dash me" ni nipe kitu kidogo, au niongezee nyanya moja juu. "I will branch at my sister's place" ni nitachepuka kwa dada. "Ember months" ni Septemba hadi Desemba, wakati barabara zinajaa na ajali zinakuwa nyingi, usisafiri usiku. Ukisikia fulani "has put to bed", hajamlaza mtoto, amejifungua, peleka zawadi. Na sokoni usishangae ukimwita muuza vitambaa "my customer" naye akakuita "my customer". Kule neno hilo linafunga pande zote mbili za biashara. Hapo ndipo Kiswahili changu kiliponiangusha, maana kwetu mteja ni anayenunua tu.


#11 Mchangiaji

Samahani kaka, mbona jambo hili unalibeba kwa uchungu hivi? Kicheko cha ofisini tu.


#12 Mleta uzi

Dada yangu, swali zuri, nitalijibu.

Mwaka wangu wa pili kule, mzee wangu alifariki Tanga. Nilipata simu nikiwa kazini, asubuhi, na ndege ilikuwa kesho yake. Ofisini tulikuwa watu wa mataifa manne. Wengine walinipa mkono, wakaniambia maneno yaliyopangwa vizuri, Kiingereza safi, nawashukuru. Yule mwenzetu aliyechekwa wiki iliyopita alikuja akavuta kiti, akakaa pembeni yangu. Hakusema sentensi hata moja. Alikuwa anasema "Sorry", ananyamaza. "Sorry o", ananyamaza. Jioni akanisindikiza hadi nyumbani, akakaa na mimi mpaka usiku, na kila baada ya muda analirudia lile lile.

Niliposikia chumba kile kinamcheka, hilo ndilo neno nililokuwa nalisikia.